Meza ya Pamoja Melini: Zamu ya Kwanza, Zamu ya Pili, au Saa Yoyote Uitakayo?

Ukikata tiketi ya meli ya utalii kwa mara ya kwanza, utatumia siku tatu kuchagua chumba: cha ndani kisicho na dirisha, cha dirisha, au chenye kibaraza. Kisha fomu itakuuliza jambo dogo ambalo wengi hulijibu ili yaishe tu. Chakula cha jioni utakula zamu ya kwanza, zamu ya pili, au saa yoyote uitakayo? Na meza iwe yenu peke yenu au ya pamoja na wageni?

Mimi nililijibu ili yaishe. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea Reading, Uingereza, kutoka Tanga. Tuliondoka Southampton mwezi wa sita kwa safari ya siku saba kwenda Norwei, kwenye zile ghuba nyembamba zinazoingia katikati ya milima. Niliweka zamu ya kwanza kwa kuwa mama hulala mapema, na meza ya watu wanane kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeshatiwa alama kwenye fomu. Kile chumba nilichokihangaikia siku tatu sikumbuki hata pazia lake lilikuwa rangi gani. Meza naikumbuka mpaka leo, hasa usiku wa pili.

Nimesafiri mara nne zaidi baada ya hapo, kila mara kwa mpango tofauti, na ndugu na marafiki wananiuliza upi bora. Huwa nawajibu kwa swali: katika msafara wenu, nani mzito wa kutoka chumbani? Mpangieni huyo, msijipangie ninyi mnaojaza fomu.

Mipango yenyewe

Mpango wa kale ni wa zamu. Meli yenye abiria elfu tatu haijengewi ukumbi wa viti elfu tatu, kwa hiyo watu hugawanywa mafungu mawili. Kutegemea kampuni, zamu ya kwanza huanza kati ya saa 11:30 na 12:30 jioni, na ya pili kati ya saa 1:45 na 2:30 usiku. Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, meli inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, imezoea saa 12:00 jioni na saa 2:30 usiku katika ukumbi wake mkubwa wa Britannia. Ukipewa namba ya meza, ni yako safari nzima: meza ileile, wahudumu walewale, wenzako walewale.

Mpango wa pili ni wa kula saa uitakayo. Norwegian Cruise Line ndiyo iliyouvumisha mwaka 2000 ilipofuta zamu na meza za kudumu, na kampuni nyingine kubwa zikaufuata kwa majina yao mbalimbali, nyingi zikiuweka sambamba na zamu bila kuziondoa. Unakuja ndani ya muda wa ukumbi, kwa kawaida kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 3 na kitu usiku, unapangiwa meza iliyo wazi. Royal Caribbean ilijaribu kwenda mbali zaidi mwaka 2014, ilipozindua Quantum of the Seas bila ukumbi mmoja mkuu wala zamu. Abiria wakalalamika, na baada ya muda mfupi zamu zikarudishwa. Kumbe wapo wengi wanaopenda kuambiwa saa ya kula.

Kuna wa tatu, wa meli za Disney tangu ya kwanza ilipoanza safari mwaka 1998: zamu ni mbili kama kawaida, lakini kila usiku mnahamia ukumbi mwingine, na wahudumu wenu na wenzenu wa mezani wanahama pamoja nanyi. Na wa nne ni bafe, nitaugusa mbele.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea, kwa sisi tuliolelewa na saa za Kiswahili. Kadi itaandika 6.30. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Namjua mtu mzima, msomi, aliyeshuka saa sita na nusu mchana amevaa tai.

Usiku wa pili

Mama ana saa ya mkononi, zawadi ya marehemu baba, nayo husoma majira ya Tanga popote aendapo. Haibadilishi. Mwezi wa sita Uingereza iko nyuma ya Tanga kwa saa mbili, kwa hiyo usiku wa kwanza alipiga hesabu yake: chakula saa 12:30 jioni kwa meli, saa 2:30 usiku kwa saa yake. Akashuka sawasawa, kabla yetu. Usiku ule mhudumu wa vyumba akaacha kijikaratasi kitandani, kwamba saa zisogezwe mbele saa moja, tunaingia majira ya Norwei. Mimi nikasogeza, mke wangu akasogeza. Mama naye alisomewa, akaona hayamhusu, kwa kuwa saa yake haikuwa ya Uingereza tangu mwanzo.

Basi kesho yake saa 12:20 nikamgongea. "Tangulieni," akajibu nyuma ya mlango, "bado saa nzima." Nikadhani ni usemi tu, kama mtu anaposema nakuja sasa hivi. Tukatangulia.

Mezani walikuwapo wote: mume na mke wastaafu kutoka Wales, mume na mke wa Glasgow waliokuwa wanaadhimisha miaka 40 ya ndoa, na mzee mmoja mgane wa Bristol ambaye kila siku hufika nusu saa kabla mlango haujafunguliwa. Mhudumu, kijana wa Kifilipino, akaweka kikapu cha mikate, akamimina maji, akagawa orodha za vyakula. Kisha akasimama na kikompyuta chake cha mkononi akikitazama kiti cha mama. Kwa ustaarabu wao hakuna aliyeagiza. Saa 12:40 mikate ikaisha. Saa 12:45 siagi ilikuwa inalegea kwenye kisahani, na mzee wa Bristol akaikunja leso yake ya mezani kwa mara ya tatu. Meza ya jirani walishafika kwenye supu. Bibi wa Wales akanong'ona kwamba hakuna shida kabisa, hakuna shida kabisa. Aliyekaa Uingereza anajua: wakisema mara mbili, shida ipo.

Nikapanda ghorofa tano. Mama alikuwa ameketi kitandani, mtandio umeshafungwa, mkoba mapajani, anaitazama saa yake kwa utulivu. Ilikuwa saa 1:50 kwa Tanga.

"Umekuja mapema," akaniambia.

Tuliingia ukumbini saa 1:00 juu ya alama, nusu saa tumechelewa. Na hapo mama akafanya alichofundishwa tangu utotoni: akaizunguka meza nzima kumpa kila mtu mkono na kumsalimia, mmoja baada ya mwingine, huku kijana wa Kifilipino akisubiri na kikompyuta chake. Dakika nne nyingine zikaenda.

Kwa nini mmoja huwachelewesha wote

Binamu yangu wa Likoni amefanya kazi miaka miwili kama msaidizi wa weita katika meli za huko Karibi. Nilipomsimulia alicheka, kisha akaniuliza: unajua yule kijana usiku ule alipata tabu gani jikoni?

Mezani kila mtu anachagua chakula chake, lakini chakula hutoka kwa meza. Msaidizi anakwenda jikoni na oda nzima, anapanga foleni kwenye kaunta ya vyakula vya moto, anapokea sahani nane zilizofunikwa, anazipanga juu ya sinia moja kubwa, anatoka nayo begani. Yeye na mwenzake wana meza mbili tatu, watu ishirini na kitu. Meza zikiagiza kwa wakati mmoja, anachukua supu zote, anarudi kuchukua vyakula vikuu vyote. Meza moja ikibaki nyuma, inabidi aende kutafuta supu wakati kaunta imeshahamia kwenye samaki na nyama, na huku meza zake nyingine zinamtafuta. Na zamu ya kwanza ina mwisho. Baada ya muda kama saa moja na nusu hadi mbili, vitambaa vinatolewa, uma na visu vinapangwa upya, kwa sababu zamu ya pili wameshasimama mlangoni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa yanaumia matumbo ya watu ambao hata hamjaonana nao.

Ndiyo maana katika zamu ya kudumu kuwahi si suala la heshima peke yake. Kwetu, ukiwakuta watu wanakula unaambiwa mkweo anakupenda, unanawa, unasogea. Sinia la pilau halina saa. Aliyechelewa ananyoosha mkono upande wake na kuungana na wenzake, kilichoisha kimeisha, na hakuna aliyekaa na njaa kwa ajili yake. Adabu ya sinia ni ya mahali: kula upande wako, usivuke, usichague minofu ya mwenzio. Ile meza ya watu wanane ina adabu ya wakati. Sahani ni yako, hakuna atakayeigusa, ila huianzi mpaka wote wamewekewa, na huanzi hatua ya pili mpaka wa mwisho ameweka uma chini.

Kwa hiyo, kama umechagua zamu ya kudumu na meza ya pamoja, haya ndiyo yaliyotuokoa siku zilizobaki. Usiku wa tatu niliwaambia wenzetu mapema: tukichelewa dakika kumi, agizeni. Niliona mabega yakishuka. Walikuwa wanatamani kulisikia hilo. Mkijua kesho hamtakuja, labda mtakula bandarini au kwenye mgahawa wa kulipia, mwambieni mhudumu au wenzenu usiku wa kuamkia, kiti kisikae wazi kikingojewa. Na ukichelewa kweli, anzia walipofika. Wakiwa kwenye samaki, omba samaki. Kuagiza supu wakati huo ni kuwarudisha watu saba nyuma, hata kama mhudumu atakuletea huku anatabasamu. Kutabasamu ni kazi yake.

Kuna jambo jingine dogo. Orodha ya vyakula imeshalipiwa, na mtu anaweza kuomba vianzio viwili au chakula kikuu cha pili. Mkiwa peke yenu, agiza hata vitatu. Mkiwa meza ya pamoja, omba viletwe kwa mkupuo mmoja, wenzako wasikutazame ukitafuna.

Kwanza au pili?

Wengi huchagua zamu ya kwanza kwa kudhani chakula cha mapema ni chakula cha utulivu. Ni kinyume. Zamu ya kwanza ndiyo yenye haraka, kwa sababu nyuma yake kuna watu wanaosubiri meza. Zamu ya pili hakuna anayekusukuma. Ukimaliza kitindamlo unaweza kukaa na chai yako mpaka wahudumu waanze kukohoa.

Angalia pia bandari. Ukiwa umetembea mjini ukarudi melini saa 11:15 jioni, una muda wa kuoga na kubadilisha nguo kabla ya saa 12:00? Pengine wewe unao. Yule mzito wenu hana. Siku za bandari zamu ya kwanza huwa na viti vingi vilivyo wazi, na sababu ni hiyo. Maonyesho ya jioni nayo hupangwa kwa zamu: wa kwanza huyatazama baada ya kula, wa pili huyatazama kabla, kwa hiyo hutakosa kitu upande wowote.

Kwa watoto wadogo sina mjadala: saa 2:30 usiku ni kuwaonea, labda Disney, ambako zamu ya pili watoto huweza kumaliza chao upesi na kuchukuliwa kwenda kucheza huku wazazi wakiendelea kula.

Kwa Waislamu kuna hesabu ambayo hakuna wakala wa safari atakayekufanyia. Tazama jua linazama saa ngapi huko mnakokwenda. Sisi mwezi wa sita Bergen jua lilizama baada ya saa 5 usiku, sala ya magharibi ikawa mbali na zamu zote mbili. Lakini chukua Visiwa vya Kanari mwezi wa kumi na mbili: jua huzama kama saa 12:10 jioni. Ukiwa zamu ya kwanza ya saa 12:00, ndiyo kwanza umekunjua leso. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya sala, ni kweli, ila kama hupendi kuitumia kila siku, zamu ya pili inakuondolea tatizo. Ramadhani miaka hii iko Februari na Machi. Barcelona mwanzoni mwa Machi jua huzama baada ya saa 12:30 jioni. Mfungaji wa zamu ya kwanza atakaa mbele ya sahani iliyojaa akiwatazama watu saba wanakula, nao watakula kwa aibu. Zamu ya pili anafuturu tende zake chumbani, anaswali, anashuka kama watu wengine.

Na meli hubadilisha majira, jambo ambalo mama alilithibitisha. Queen Mary 2 ikielekea New York, saa hurudishwa nyuma mara tano njiani, usiku, kwa hiyo unapata siku za saa 25 na njaa inatangulia saa ya chakula. Ikirudi Southampton, saa husogezwa mbele, tena mchana, na chakula cha jioni kinakukuta tumbo halijashuka. Anayevuka kuja mashariki namshauri zamu ya pili bila kusita. Simu usiiamini. Ikiwa imefungwa mtandao, itabaki na majira ya mlikotoka.

Saa uitakayo: uhuru wenye foleni

Safari yetu ya pili, Mediterania, tulichukua mpango huru. Tulikuwa wanne, mimi na mke wangu na rafiki zetu wawili wa Nairobi, wapole sana, ambao hawajawahi kuwahi kitu chochote maishani. Ulitufaa mno. Tulishuka saa 1:20, siku nyingine saa 2:40, hakuna aliyetungoja, hakuna aliyekunja leso.

Lakini usidhani saa imeondolewa. Imehamishiwa mlangoni. Meli nzima huona njaa saa 1:00 usiku, na saa hiyo foleni inafika kwenye ngazi. Unaandikisha jina kwenye programu ya simu au unapewa kidude cha kulia, unasubiri. Mlangoni utaulizwa: mko tayari kukaa na wengine? Ukikubali, mara nyingi unaingia mapema zaidi, kwa kuwa kuziba viti viwili vya meza ya sita ni rahisi kuliko kungoja meza ya watu wawili. Kwa hiyo hata mpango huru una meza ya pamoja ndani yake, ila ni ya usiku mmoja.

Na meza ya usiku mmoja ina kasoro yake. Watu wasiofahamiana melini huulizana maswali matatu: mnatoka wapi, hii ni safari yenu ya ngapi, chumba chenu ghorofa ipi. Kwenye meza ya kudumu maswali hayo huisha usiku wa kwanza, na usiku wa tatu mzee wa Bristol alikuwa anatusimulia alivyomuuguza mkewe. Kwenye mpango huru tuliulizwa ghorofa yetu mara tano, na watu watano tofauti, kisha kila mmoja akaenda zake.

Hasara kubwa zaidi kwetu ilikuwa jikoni. Mhudumu wa kudumu ukimwambia mara moja kwamba hamli nguruwe wala mchuzi uliotiwa mvinyo, usiku wa pili anakuonyesha mwenyewe kipi mtakula, na wa tatu anakuletea orodha ya kesho uchague mapema. Kwenye mpango huru utaeleza upya kila jioni, kwa mtu mpya, na kila jioni kuna kitu kimenyunyiziwa vipande vya nguruwe bila kutajwa. Nyama halali katika kampuni nyingi ni jambo la kuomba wiki kadhaa kabla ya safari. Samaki na mboga huwa zipo siku zote. Njia ya katikati ni kuweka nafasi saa ileile kila usiku na kuomba eneo la wahudumu walewale. Kampuni nyingi hukubali, na hapo umejitengenezea zamu yako mwenyewe. Ila ukiweka nafasi, wahi. Meza ya aliyechelewa hupewa aliye kwenye foleni, na ndivyo inavyostahili.

Wanane, wanne au wawili?

Watu huogopa meza ya wanane na kukimbilia ya wanne. Mimi naiogopa ya wanne. Mkiwa wawili na wawili na hampatani, hakuna pa kugeukia. Mtu mmoja anayependa kuhubiri siasa za nchi yake atakuhubiria siku saba. Meza ya wanane unaongea na wa kulia na wa kushoto, na kelele za ukumbi zinakulinda na waliobaki. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu na shukrani, asingeweza kukaa meza ya wanne. Kwenye ya wanane alikuwa malkia. Kila aliyepita karibu alimwambia "karibu", kama ilivyo desturi ya anayekula, na usiku wa nne bibi wa Wales naye alikuwa anawakaribisha wapita njia kwa Kiswahili.

Meza ya wawili inasikika vizuri kwenye fomu. Ukifika utakuta zimepangwa mstari mmoja, nafasi kati ya meza na meza ni ya kiganja. Utayasikia yote ya jirani, nao yenu, na hamjatambulishwa.

Kama meza mliyopewa haifai, usivumilie na usinung'unike. Siku ya kupanda, alasiri, mkuu wa ukumbi huwa na muda wa kupokea maombi ya kuhama. Nenda kimya kimya, sema unataka kuhama, sababu haihitajiki. Wenzako wa zamani mkikutana kwenye lifti, wasalimie, hakuna aliyekosewa.

Haki ya kuchelewa huuzwa

Hili nililigundua nikitazama ramani ya Queen Mary 2. Abiria wa kawaida wana zamu mbili kule Britannia. Wa vyumba vya bei kubwa zaidi wana kumbi zao, Princess Grill na Queens Grill, meza yao haina mwingine, na huingia muda wowote ukumbi ukiwa wazi. Meli ndogo za kifahari kama za Silversea na Regent hazina zamu kabisa. Wala si jambo jipya: Titanic mwaka 1912 ilikuwa na ukumbi mkubwa wa daraja la kwanza ambako abiria waliitwa kwa tarumbeta, na mbali na huo, mgahawa wa kulipia ambako tajiri alikula saa aliyopenda. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema sisi Waafrika ndio tusiojali saa, mwambie meli zimekuwa zikiwauzia watu uchelewaji kwa zaidi ya miaka mia.

Bakshishi nayo iingie kwenye hesabu. Kampuni kubwa za Kimarekani huiongeza kwenye bili kwa kila mtu kwa siku, upende mpango upi. P&O Cruises ya Uingereza iliiondoa mwaka 2019. Ila kama mmemweka kijana wa watu akisubiri usiku baada ya usiku, bahasha ya mwisho wa safari inamhusu, bili iseme isemavyo.

Bafe ni rahisi. Hakuna saa, hakuna namba, hakuna wa kumwomba radhi. Meza za mchana zikijaa, uliza kama kiti kina mtu, kaa, kula, ondoka. Usiweke mkoba kwenye viti vinne ukaenda kuzunguka na sahani. Nawa kwa maji na sabuni, maana ile dawa ya kupaka mlangoni haiviwezi vizuri virusi vya kuharisha vinavyopenda meli. Mama, aliyezoea kunawa kabla ya kula tangu utotoni, aliwashangaa wanaopita sinki.

Basi ningekupangiaje? Una mzazi mzee na ni safari yenu ya kwanza: zamu ya pili, meza ya wanane, alale kidogo alasiri. Una watoto chini ya miaka kumi: zamu ya kwanza meza ya peke yenu, au Disney kama mfuko unaruhusu. Mko vijana, bandari kila siku, na kuna mwenzenu anayechukua saa nzima kujipodoa: saa uitakayo, na muulizwapo mlangoni, kubalini kukaa na wengine angalau usiku mmoja. Unasafiri peke yako: zamu, meza kubwa, hata kama ni mkimya. Yule mzee wa Bristol alikuwa mkimya.

Usiku wa kuingia siku ya mwisho, saa zikarudishwa nyuma. Nilimwambia mama mwenyewe, mara mbili. Lakini alikuwa ameshapata somo lake la usiku wa pili na hesabu yake mpya, saa 1:30 kwa Tanga ndiyo saa ya chakula, na hakuwa tayari kuvurugwa tena. Nilipomgongea saa 12:10 chumba kilikuwa kitupu. Nikakimbia ngazi mpaka chini.

Alikuwa mbele ya mlango wa ukumbi uliofungwa, ameketi kwenye kiti alicholetewa na kijana wa Kifilipino, na kikombe cha chai. Amekaa hapo tangu saa 11:30. Kando yake, kwenye kiti kingine, mzee wa Bristol. Walikuwa wamekunja mikono ya nguo, wamesogeza viganja pamoja, wanalinganisha saa zao.